Tundu Lenye Alama ya Radi

Machi 2, Jumatatu

Mvua imeanza. Nguzo mbili za umeme zimelala barabarani na ya tatu imeinama kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Tumetangaziwa mgao: umeme utakuwepo kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu asubuhi, kila siku, mpaka mvua iishe.

Nina siku arobaini na tano. Tasnifu yangu lazima ifike chuoni Aprili 16 kabla ya saa kumi na moja jioni. Nimeshaongezewa muda mara mbili. Profesa alinipigia simu kunieleza kwamba hakuna mara ya tatu. Nisipoiwasilisha, jina langu linafutwa na miaka mitatu inakwenda nayo.

Daftari hili ni la vipimo. Mengine nitayaandika yakinilazimu.

Machi 3, Jumanne

Kwa kumbukumbu. Tasnifu inahusu namna kompyuta mpakato inavyogawa umeme inapolazimika kuchaji vifaa vingine. Chaja yangu inaleta wati sitini na tano. Kompyuta hujilisha yenyewe kwanza, maana ikizimika hakuna wa kugawa. Kisha husikiliza matundu yaliyo ubavuni mwake: kila kifaa kinachochomekwa huomba kiasi chake, nayo hukubali, hupunguza au hukataa. Kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye betri. Wakiomba wengi kwa pamoja, betri husubiri.

Tundu moja, lenye alama ndogo ya radi, hutoa umeme hata kompyuta ikiwa imefungwa. Nimeliwasha kwa ajili ya vifaa vya masikio vya Baba, vinavyomsaidia kusikia.

Machi 5, Alhamisi

Nyumba hii ina watu watatu na kompyuta moja. Baba, mchora ramani mstaafu, ana vifaa vya masikio ambavyo betri zake zimechoka. Vikijazwa asubuhi, saa saba mchana vimekufa. Mkewe, ambaye namwita Ma'mdogo, ana simu na taa ya kuchaji. Mimi nina simu. Vyote vinaning'inia kwenye kompyuta yangu kama vifaranga chini ya kuku. Leo nilipokaa kuandika jioni nilikuta asilimia thelathini na nane. Nikaandika dakika sabini, skrini ikazima.

Mama alifariki miaka sita iliyopita. Ma'mdogo ana miaka mitatu hapa. Anafanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali, zamu ya alfajiri hadi saa sita mchana. Hatugombani. Hunipakulia chakula, nami hupunguza nusu na kurudisha sufuriani.

Machi 9, Jumatatu

Nimepiga marufuku. Nilisema wakati wa chai, kwa utulivu.

"Kuanzia leo naomba mtu asichomeke kitu kwenye kompyuta."

"Hata vya baba yako?" Ma'mdogo aliuliza.

"Vya Baba vichajiwe ukutani asubuhi."

"Asubuhi vinajaa, mchana vimekata. Unavijua."

"Najua, Ma'mdogo. Ni siku thelathini na nane tu."

Baba alikuwa amesikia nusu. "Mwache mama asome," alisema. Mama ni mimi. Nimebeba jina la mama yake. "Mimi habari zenyewe nimeshazisikia zote. Hazina jipya."

Ma'mdogo alikusanya vikombe. "Haya, Msomi. Tumesikia, sisi ambao bado tunasikia."

Machi 10, Jumanne

Vipimo sita. Mvua.

Machi 12, Alhamisi

Ma'mdogo amerudi kutoka kazini na kitu kizito mfukoni, amekizungushia taulo. Sikuuliza.

Machi 13, Ijumaa

Sura ya tatu imekwisha. Nilipotoka darasani saa kumi (nafundisha hesabu wanaorudia mtihani, saa saba hadi saa kumi) nilimkuta Baba anasikiliza redio na kubishana na mtangazaji. Jioni nzima. Nilifunga mlango wa chumba changu ili niandike.

Machi 16, Jumatatu

Niliondoka saa sita na nusu nikiwa na asilimia tisini na mbili. Niliporudi zilikuwa hamsini na moja. Kompyuta ilikuwa imefungwa, mezani pangu, kama nilivyoiacha.

Machi 17, Jumanne

Tisini. Arobaini na nane.

Machi 18, Jumatano

Tisini na tatu. Hamsini. Haiwezi kuwa betri kuzeeka. Betri haizeeki kati ya chakula cha mchana na chai. Mtu anachomeka kitu.

Baba hutoka saa saba kwenda kucheza bao la dama kwa jirani na kurudi saa kumi. Mimi niko darasani. Anayebaki ni mmoja.

Ningeweza kulizima tundu la radi kwa kubofya mara moja. Sijalizima. Naandika hili ili nisije kujidanganya baadaye: nililiacha wazi kwa sababu nataka kumkamata.

Machi 19, Alhamisi

Sura ya nne, aya ya pili. Nimeiandika mara tano na sasa imekaa vizuri:

Vikikutanishwa vifaa viwili ambavyo kila kimoja kinaweza kutoa na kupokea umeme, havijui nani ni nani mpaka viulizane. Kompyuta iliyojaribiwa haipokei chochote kilicho chini ya wati arobaini na tano. Ikiletewa kidogo hukataa, na mara nyingi hugeuka yenyewe kuwa mtoaji.

Profesa ataipenda.

Machi 21, Jumamosi

Hakuna darasa, nilikuwa nyumbani siku nzima. Hakuna kilichopungua.

Machi 24, Jumanne

Nimechomeka kipimo kwenye tundu la radi. Ni kidogo kama kidole gumba, kina tundu lake upande wa pili, na kinakumbuka kila kilichopita ndani yake. Nimekiacha pale kana kwamba nimekisahau.

Machi 25, Jumatano

Kipimo kinasema hivi: kati ya saa saba na robo na saa nane na nusu mchana, zimetoka wati kumi na nne mfululizo. Jumla ni wati-saa kumi na saba na nusu.

Vifaa vya Baba havifiki hata wati-saa mbili. Simu huanza na njaa kisha hushiba polepole. Mchoro wake huteremka. Huu haukuteremka. Ulikuwa mstari mnyoofu kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha ukakatika. Kitu hicho kina tumbo kubwa na hakikuwa kimeshiba kilipochomolewa.

Nadhani anawachajia wenzake wa kazini. Simu nne, tano, kwa kigawanyio. Nimekaa na wazo hilo jioni yote na asilimia zangu arobaini na sita. Nimeandika nusu ukurasa.

Machi 27, Ijumaa

Nimesema. Nilipanga maneno tangu asubuhi, nikayasema mezani, yote, kwa mpangilio. Saa, wati, tarehe. Nilikuwa na karatasi.

Ma'mdogo alinisikiliza akiwa ameshika mwiko. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Unasema mimi mwizi."

"Sijatumia neno hilo. Nasema kuna umeme unatoka saa saba na robo."

"Saa saba na robo niko mimi peke yangu hapa."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo umelitumia." Aliweka mwiko chini. "Sikiliza, Msomi. Mimi sijachukua kitu kwenye kompyuta yako. Hata sindano. Kama nimechukua, shuka zote za hospitali ninazozifua zinifunike leo."

"Nani basi? Kipimo hakisemi uongo."

"Kiulize vizuri basi."

Baba alituangalia mmoja baada ya mwingine. Kisha akatoa kifaa cha sikio la kulia, akatoa cha kushoto, akaviweka kwenye kikasha chake na kukifunga. Huwa anafanya hivyo nyumba ikichafuka. Aliendelea kula.

Ilikuwa saa mbili usiku na vifaa vyake vilikuwa bado vinafanya kazi. Hilo limenijia sasa hivi, ninapoandika. Vingepaswa kuwa vimekata tangu saa saba.

Machi 28, Jumamosi

Ma'mdogo hanisemeshi. Chakula changu kilikuwa mezani, kimefunikwa. Nusu, kama ninavyopenda. Amenipimia mwenyewe.

Machi 30, Jumatatu

Tisini na moja. Arobaini na tisa. Hata baada ya yale maneno. Nimeshangaa kuona jinsi nilivyofurahi.

Machi 31, Jumanne

Maji yamejaa barabara ya shule na darasa limeahirishwa. Nilirudi saa saba na dakika ishirini. Viatu nilivishika mkononi, kwa hiyo sikusikika.

Mlango wa chumba changu ulikuwa wazi. Ma'mdogo alikuwa ameketi kwenye kiti changu, bado na sare ya kufulia. Alikuwa ameitandikia kompyuta taulo safi kwa chini, kwa sababu ya unyevu wa meza. Kwenye kipimo changu ulichomekwa waya, na mwisho wa waya palikuwa na pawabanki nyeusi, kubwa kama tofali la sabuni. Aliiwekea kiganja juu, kama mtu anayempima mtoto homa.

Aliniona. Hakushtuka.

"Haya," alisema. "Umekamata. Andika saa."

"Unafanya nini, Ma'mdogo?"

"Nakuongezea."

Alidhani sijaelewa, akanieleza polepole, kama mimi ninavyowaeleza wanaorudia mtihani. Pawabanki aliipata kwa mwenzake wa kazini siku tatu baada ya marufuku yangu. Aliijaza hospitalini, kwenye jenereta. Jioni inachaji masikio ya Baba na simu na taa, ili mtu asiiguse kompyuta. Na mchana, kinachobaki ndani yake, anakuja kukimimina kwangu kabla sijarudi.

"Kila siku?"

"Ukiwa darasani. Ukiwepo ungekataa."

"Na hospitalini unaijaza saa ngapi?"

Hapo uso wake ulichangamka, akasahau kwamba tumenuniana. "Hicho ndicho cha ajabu. Niliijaza siku ya kwanza tu. Hakiishi hiki kitu. Nakutilia wewe, namtilia baba yako, na bado kesho yake taa zake nne zinawaka. Mwenzangu alinipa kitu cha maana."

Nilitazama kipimo. Wati kumi na nne. Mshale wake, unaoonyesha umeme unakokwenda, ulielekea kwa Ma'mdogo.

Nilijua yote kwa sekunde moja, na nilijua kwa sababu nilikuwa nimeyaandika. Pawabanki hiyo inaweza kutoa wati kumi na tano tu. Kompyuta yangu iliulizwa kama inapokea kidogo hicho, ikakataa, ikageuka kuwa mtoaji. Sura ya nne, aya ya pili. Ma'mdogo amekuwa akija hapa kila mchana kunipa, na kila mchana nimekuwa nikimjazia. Masikio ya Baba, taa, simu: vyote vimeendelea kula kwangu, kwa kuzunguka njia ndefu, na hakuna aliyejua.

"Sasa kipimo chako kinasemaje?" aliuliza.

Nilisema kwamba nilikisoma vibaya. Niliomba radhi. Yeye alisema, "Yameisha," akachomoa waya wake na kwenda kubadilisha sare.

Aprili 1, Jumatano

Nimelizima tundu la radi. Ilichukua kubofya mara moja.

Aprili 2, Alhamisi

Tisini na mbili. Tisini na mbili.

Aprili 4, Jumamosi

Ma'mdogo amesema pawabanki imekata kwa mara ya kwanza. "Nadhani nimekutilia sana." Ataijaza kazini Jumatatu.

Aprili 7, Jumanne

Aliniuliza asilimia ngapi nimekuta. Nilimwambia tisini.

"Si unaona? Mwanzo ulikuwa unanung'unika. Sasa inaingia."

Nilisema ndiyo. Kila mchana anachomeka. Kila jioni nasoma kipimo: sifuri. Nilimaliza chakula chote leo. Aliangalia sahani kabla ya kuiosha.

Ningemwambia Machi 31 lingekuwa jambo dogo. Linakua kila siku anapoketi kwenye kiti kile.

Aprili 9, Alhamisi

Sura ya tano imekwisha. Imebaki hitimisho, marejeo na michoro kumi na moja. Kichwa kinauma.

Aprili 11, Jumamosi

Mvua imeingia jikoni. Tumetoa maji kwa ndoo, mimi na yeye, Baba akielekeza. "Kushoto panateremka," alisema, akionyesha na mwavuli. Alikuwa sahihi.

Aprili 13, Jumatatu

Saa kumi na moja alfajiri umeme haukurudi. Mpaka saa tatu ulikuwa bado haujarudi. Inasemekana nguzo ile iliyoinama imeanguka na kuvuta nyingine saba. Wiki nzima, labda zaidi.

Nilikuwa na asilimia thelathini na nne za jana. Nilifanya kazi mpaka zikabaki kumi na moja, nikafunga. Nimebakiwa na michoro minne na kurasa sita. Siku tatu.

Saa sita na nusu Ma'mdogo aliingia amelowa, akinitafuta kwa macho. Hata mfuko hakuuweka chini.

"Najua umeme umekata. Usihangaike, nimeijaza mpaka juu." Alitoa pawabanki, taa zote nne zinawaka. "Leo masikio yatangoja. Yote yako."

"Ma'mdogo, ngoja kidogo."

"Ningoje nini?" Alishachomeka. Alifungua kompyuta mwenyewe, kwa uangalifu, kwa vidole viwili. Tulisimama tukiangalia kona ya skrini. Kumi na moja. Kumi na moja. Kisha ikaandika kwamba kifaa kilichochomekwa hakina nguvu ya kutosha. Kumi.

Alisoma polepole, midomo ikicheza. "Inasema haina nguvu. Mbona siku zote inaingia?"

Nilifunga kompyuta ili isiendelee kupungua na nikamwambia. Nilimwambia yote: mshale wa kipimo ulivyoonyesha nani alikuwa anampa nani, na kwamba pawabanki ilikuwa haiishi kwa sababu ilikuwa inashiba hapa. Kwamba tangu Aprili 1 nimezima tundu na asilimia zangu ni zile zile nilizoondoka nazo. Kwamba nilijua tangu siku niliyomkuta. Nilisema bila karatasi, kwa hiyo mpangilio ulikuwa mbaya.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilisikia maji yanadondoka kutoka kwenye koti lake.

"Kwa hiyo mimi ndiye mwizi."

"Hapana."

"Ndiye. Mwizi anayepiga hodi na taulo." Alianza kucheka, bila sauti, mabega yakitikisika, kisha akaacha. "Na wiki mbili hizi nakaa hapa nachaji hewa. Na wewe unaniangalia."

"Niliona utavunjika moyo."

"Ungeniacha nivunjike. Ningeungwa." Aliigeuza pawabanki mikononi. "Kumbe nyumba nzima ulikuwa unaibeba wewe. Ulikuwa unatulisha wote, na huku umenuna. Ungejua unatoa, ungenuna vile vile?"

Nilifikiri kweli, kwa sababu aliuliza kweli. "Ndiyo," nilisema. "Zaidi."

"Angalau unasema." Alisimama. Mlangoni aligeuka. "Hicho kidogo, kwa nini inakikataa? Wati kumi na tano si kitu?"

"Imetengenezwa hivyo. Inaona ni kidogo mno kujisumbua nacho."

"Aa," alisema. "Naijua hiyo tabia."

Aprili 14, Jumanne

Aliniamsha saa kumi alfajiri kwa kunigusa bega. "Vaa. Beba na chaja yako."

Chumba cha kufulia kiko chini ya ardhi. Kuna mashine sita, mabomba yanayovuja mvuke na meza ndefu ya kukunjia shuka. Jenereta iko nyuma ya ukuta na ukuta mzima unatetemeka. Mkuu wa zamu, mwanamke mpana wanayemwita Mama Pasi, alinitazama kuanzia viatu.

"Huyu ni nani?"

"Mwanangu," Ma'mdogo alisema. "Anamalizia kitabu. Anahitaji soketi."

"Kitabu cha nini?"

"Cha kueleza kwa nini kompyuta ni bahili."

Mama Pasi aliwaza. "Soketi ya pasi namba tatu. Akiniunguzia shuka, anazifua."

Niliandika kwa muda wa saa saba, kwenye ncha ya meza, shuka zikipita mbele yangu kama ukurasa baada ya ukurasa. Mara moja tu nilisimama: walihitaji mtu wa kushika upande wa pili wa shuka pana. Nilishika. Ma'mdogo alinionyesha namna ya kuivuta ili kona zikutane, nami nilikosea mara mbili.

Aprili 15, Jumatano

Michoro minne imekamilika. Mama Pasi ameniuliza kama simu yake inaweza kuchajiwa ubavuni mwa kompyuta. Nikasema inaweza. Betri imesubiri kidogo.

Aprili 16, Alhamisi

Imewasilishwa, saa tano na dakika nane asubuhi, kwa mtandao wa simu ya Ma'mdogo. Wanawake tisa walisimama nyuma yangu kuona inavyokwenda. Hapakuwa na cha kuona. Walipiga makofi hata hivyo.

Aprili 17, Ijumaa

Nimelala.

Aprili 23, Alhamisi

Umeme umerudi, mgao ule ule. Profesa ameandika mistari mitatu. Anasema imepokelewa, na kwamba sura ya nne ndiyo yenye nguvu kuliko zote, hasa aya ya pili. Anauliza kama nina mfano wa matumizi ya nyumbani. Bado sijamjibu.

Aprili 27, Jumatatu

Mvua imepungua, unaweza kuhesabu tone moja moja kwenye ndoo ya jikoni.

Leo nilirudi kutoka darasani nikamkuta Baba ametulia mbele ya redio iliyozimwa, vifaa vya masikio vimekata. Pawabanki iko hospitalini. Nilichukua kikasha chake mfukoni mwa shati, naye akaniachia bila kuuliza. Nililiwasha tundu lenye alama ya radi, nikachomeka.

Kipimo kilisoma wati moja na nusu. Ma'mdogo alikuwa akipita na ndoo, alisimama mlangoni.

"Mshale unaelekea wapi?" aliuliza.

Nilimgeuzia kipimo ili aone mwenyewe.